Tagi za PHP, fupi au ndefu: uzoefu wangu

Nimezitumia tagi zote tatu za kufungulia msimbo wa PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) kwenye tovuti za maduka ya hapa Mombasa, na ninayoikataa ni moja tu: ile `<?` tupu. `<?php` ni ya kazi zote. `<?=` ni ya kuchapisha thamani ndani ya HTML, na tangu PHP 5.4 (2012) hakuna mpangilio unaoizima. Anayekukataza kuitumia eti kwa sababu ni fupi, onyo lake limepitwa na wakati. Kwenye orodha ya bei za leso, `<td><?= htmlspecialchars($leso->bei) ?></td>` inasomeka vizuri kuliko `<?php echo` iliyorudiwa kila mstari.

Ubaya wa `<?` ni kutegemea mpangilio wa `short_open_tag`, ambao php.ini-production (faili ya mipangilio inayopendekezwa kwa seva za kazi halisi) huuzima. Hamishia tovuti kwenye seva ambako umezimwa uone: hakuna kosa linalotangazwa. PHP huuchukua msimbo wako kama maandishi ya kawaida, ikamtumia mgeni wa tovuti. Kivinjari huficha kipande hadi kufikia `>` ya kwanza, kwa hiyo kwenye msimbo kama `$db->query`, yanayofuata `$db->` hubaki peupe. Na hata nenosiri la hifadhidata lisipoonekana kwenye ukurasa, limo kwenye chanzo chake. Usitegemee `php -l`, amri ya kukagua makosa ya sintaksia. Itakuambia faili ni safi, kwani kwake humo hamna PHP yoyote. Ukiiwasha `short_open_tag` sasa, faili ya PHP inayoanza kwa `<?xml` ndiyo inayovunjika.

Kuzisaka tagi `<?` tupu:

`grep -rniP '<\?(?!php|=|xml)' --include='*.php' .`

Kuzibadilisha naiachia PHP CS Fixer (zana ya kunyoosha msimbo), kanuni ya `full_opening_tag`, kisha nakagua mabadiliko kwa git. Ukibadilisha kwa mkono, acha nafasi: `<?if(` iwe `<?php if(`, maana `<?phpif(` haifanyi kazi.

Mtego mwingine uko kwenye Debian na Ubuntu. `php -i`, amri ya kuonyesha mipangilio, husoma php.ini ya folda ya `cli`, ilhali tovuti inayotumia FPM (huduma inayoendesha PHP kwa ajili ya seva ya tovuti) inasoma ya `fpm`. Pima kwa ukurasa wenye `<?php var_dump(ini_get('short_open_tag'));` halafu uufute.

Mteja akitaka tovuti irudi hewani leo leo, `ini_set()`, ya kubadilisha mpangilio ndani ya msimbo, haitafaa kitu. Kama seva inatumia FPM, andika `short_open_tag = On` kwenye `.user.ini` (faili ya mipangilio ya folda ya tovuti), na usihangaike isipofanya kazi papo hapo: kwa kawaida faili hiyo husomwa upya kila sekunde 300. Usafishaji ukiisha, uondoe mstari huo.