Wasafishaji wa barabara ya moto (ukanda mtupu wa kuzuia moto usiingie shambani), Mufindi: nyota nne kati ya tano

Nina ekari 11 za misindano, miti ya miaka saba, na mwaka huu mfukoni nilikuwa na laki sita tu. Nilitaka nifyekewe shamba zima. Kiongozi wa kikundi cha vijana niliowaita akakataa kutaja bei. "Mama, tutembee kwanza." Tukatembea saa mbili nzima.

Mimi hofu yangu ilikuwa juu, kando ya barabara, kwa ajili ya wapita njia na vipisi vya sigara. Yeye akanishusha bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni. Kiangazi watu huchoma nyasi pale wakiandaa bustani, na kutoka pale hadi kwenye miti yangu ni mteremko mkali. Bonde lenyewe liko kusini mashariki, upepo wetu wa kiangazi unatokea hukohuko. Moto ukipanda mlima unakimbia, maana joto lake linakausha majani ya mbele kabla haujayafikia. Akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye sindano kavu, yale majani membamba ya misindano, zilizodondoka: kiganja kikazama chote. Matawi yaliyokufa yalianzia usawa wa goti. "Hii ni ngazi, mama. Moto ukishafika vileleni mwa miti, huuzimi kwa matawi mabichi."

Basi karibu pesa yote ikaenda bondeni. Walilima barabara ya moto yenye upana wa mita kumi hadi udongo mwekundu ukaonekana, kama zile za msitu wa Sao Hill, wakakwangua sindano, wakapogolea mistari sita ya kwanza kupita kimo cha mtu. Juu walifyeka ukanda mwembamba. Upande unaopakana na chai hawakuugusa. Chai iliyofunga vizuri haina nyasi chini yake, moto utakula nini pale?

Nyota moja nawanyima kwa jambo hili: matawi waliyopogoa waliyarundika ndani ya shamba, hatua chache tu kutoka barabara ya moto. Hizo ni kuni nimewekewa mlangoni. Nilipiga simu, wakaja baada ya siku tisa, na Septemba siku tisa ni nyingi mno, usiku nilikuwa naamka kunusa hewa. Walipokuja waliyatoa yote bila kudai nyongeza.

Mwakani nawaita tena, ila Mei, nyasi zikiwa bado na maji. Ukiwaita, kubali kutembea nao, na vaa viatu vigumu.