Unakuja Minneapolis Januari? Anza na Buti, Koti Litajipa

Habari zenu watazamaji wangu, na wakubwa wote mnaotazama, shikamooni. Leo nimekuja na buti. Hizi hapa. Mnaona pembeni zina mistari myeupe? Hiyo ni chumvi ya barabarani, inayomwagwa kuyeyusha barafu. Sikupewa na duka nizipige picha kisha nirudishe. Nilinunua kwa pesa yangu, nikazivaa majira yote ya baridi yaliyopita hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na sasa Desemba imeingia nimezitoa tena kabatini. Nazipenda buti hizi, nasema mapema kabisa ili usikae unasubiri hukumu mwishoni.

Video hii imetokana na komenti zenu. Swali ni lile lile, linaandikwa kila wiki: "Dada, mama anakuja Januari kumwona mjukuu, nimnunulie koti gani hapa Dar?" Usimnunulie koti, ndugu yangu. Hiyo pesa ya koti mtumie mwenyeji wake huku, na vipimo vya mguu wa mama, anunue buti.

Baridi ya hapa, wewe wa Njombe unayeamka Juni umande umeganda kwenye majani, bado hujaijua. Januari ya kawaida mchana unacheza nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, usiku 13 chini ya sifuri, na hiyo ni kawaida tu, hakuna anayeishangaa. Tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi 33 chini ya sifuri, na upepo ukaifanya mwilini iwe kama imepita 45. Katika upepo wa namna hiyo ngozi iliyo wazi inaungua kwa baridi ndani ya dakika chache.

Mama yangu mkubwa alikuja mwaka juzi na koti la shilingi 280,000 alilouziwa Dar, akaambiwa ni koti la theluji. Zipu ilipasuka hata hatujatoka kwenye jengo la uwanja wa ndege. Lakini sikilizeni: koti lilitatuliwa ndani ya dakika 5. Nilikuwa nimemletea langu la akiba, kwa sababu kila nyumba hapa ina makoti mawili matatu yananing'inia mlangoni. Koti unaazima, hata likipwaya linafaa. Kiatu je? Mama mkubwa anavaa namba 38, mimi 41. Alikuwa na viatu vya ngozi laini vya kwendea kanisani. Siku ya tatu tulisimama kituo cha basi dakika 20, alipoingia ndani hakuvisikia vidole vyake vya miguu. Tulivipasha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na hisia ilipoanza kurudi alilia kwa maumivu. Mwanamke aliyelea watoto 7, analia kochini kwangu kwa sababu ya viatu. Ndiyo maana nalisema jambo hili kwa ukali.

Sasa njooni karibu. Ngoja niishushe kamera.

Chini ni mpira mtupu mpaka hapa kwenye kifundo, juu ni ngozi. Hayo mmeshayaona kwenye video za watu wengine, sitayarudia. Ninachotaka mkione ni hiki. Nalegeza kamba, naingiza mkono, navuta... imetoka. Buti ndani ya buti! Hii ya ndani ni sufu iliyogandamizwa ikawa nzito, unene wake karibu sentimita 1. Unaweza kuivaa peke yake ukatembea nayo sebuleni.

Kwa nini naishangilia hivi? Mguu unatoka jasho hata kwenye baridi, tena ukiwa umefungiwa ndani ya mpira jasho halina pa kupitia, linanywewa na sufu. Kinachokupa joto ndani ya kiatu ni hewa iliyotulia kwenye nyuzi. Nyuzi zikishalowa, maji yanachukua nafasi ya hewa, na maji yanakuibia joto haraka mno. Kwa hiyo buti inayokupasha Jumatatu inaweza kukugandisha Jumatano, na ni ile ile.

Nimelijaribu jana. Nilitembea kwenda na kurudi dukani, karibu saa nzima. Nikarudi, buti ya kulia nikaitoa ya ndani nikaiweka karibu na hita, si juu yake. Ya kushoto nikaiacha ilivyo, kama watu wengi wanavyofanya, nikaisukuma mlangoni. Asubuhi hii sijagusa kitu. Mzani wangu wa jikoni huu hapa. Ya kulia... gramu 151. Haya, ya kushoto naivuta sasa hivi mbele yenu... gramu 170. Gramu 19 za jasho bado zimo baada ya usiku mzima! Angalia nikikandamiza na tishu hapa kwenye vidole. Mmeona doa? Sasa pata picha mama anaingiza mguu humo saa 12 asubuhi anakwenda kusubiri basi.

Hapo ndipo buti nyingi za bei kubwa zinaponiudhi. Manyoya yameshonewa humo humo ndani, hayatoki. Zikilowa utazikausha kwa siku mbili. Na zile laini za ngozi ya kondoo ambazo mabinti wanazipenda, ni za joto kweli, sibishi, ila Machi theluji ikiyeyuka mchana ikawa uji, zinakunywa maji mpaka kwenye soksi. Mtindo huu wa buti mbili si mpya. Sorel wameutengeneza tangu 1962, walianzia Kanada. Zangu ni za kampuni nyingine, nafuu zaidi, na kazi ni moja.

Kitu kingine kwenye kibandiko: zimeandikwa zinafaa mpaka 40 chini ya sifuri. Usiiamini ile namba. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, kila mmoja anaandika kwa hesabu zake, na mara nyingi wanamfikiria mtu anayetembea. Mtu aliyesimama kituoni hayumo kwenye hesabu hiyo.

Kosa la pili ni kununua namba inayobana. Chukua kubwa kidogo, vidole vicheze ukiwa umevaa soksi nene ya sufu. Ukivaa soksi tatu ndani ya buti inayobana, damu haipiti vizuri na ile hewa umeifukuza yote. Soksi ya pamba iache nyumbani, ikilowa haikusaidii.

Bei. Nilizinunua Novemba kwa dola 110. Machi nikaziona duka lile lile kwa dola 65, na roho iliniuma. Ila mgeni wa Januari hawezi kusubiri Machi. Jambo la kufurahisha ni kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo na viatu vya kawaida. Bei unayoiona kwenye kibandiko ndiyo unayolipa. Ukinunua Minnesota umeokoa.

Lakini nilivyosema usinunue koti nyumbani, hapo ngoja nijirudi kidogo. Mtu akienda masoko ya mitumba, Karume pale Dar, au Memorial pale Moshi, au Gikomba kwa ndugu zetu wa Nairobi, akachambua kwa subira, anaweza kupata koti zuri sana kwa bei ndogo, kwa sababu mitumba ile inatoka huku huku kwenye theluji. Likunje, liachie, liangalie kama linarudi kuvimba. Vuta zipu juu chini mara 10. Likipita mtihani, chukua. Ninachokikataa ni lile la dukani la laki mbili na zaidi ambalo muuzaji mwenyewe hajawahi kuiona theluji.

Kuna mtu aliniandikia kwamba Minneapolis baridi si tatizo kwa sababu katikati ya jiji kuna zile njia za vioo zinazopita juu ya barabara kutoka jengo hadi jengo. Ni kweli, zipo, zikiunganishwa zinafika karibu kilomita 15, na ndani unatembea na shati. Lakini ndugu zetu wengi hawaishi katikati ya jiji. Wako Brooklyn Park huko nje ya jiji, wanapanda basi. Zile njia hazifiki kwenye kituo chako. Stesheni za treni nyepesi zina hita juu ya jukwaa, unabonyeza kitufe zinawaka. Mwambieni mama, maana hakuna atakayemwonyesha.

Begi la mkononi lisisahaulike. Wengi mnaotoka Dar au Kilimanjaro mnapitia Amsterdam, na begi kubwa likichelewa huko utashuka hapa na ulichovaa. Weka sweta zito, kofia ya kuziba masikio, glavu na soksi mbili za sufu humo. Viatu vya kufunika safarini, tafadhali, hata kama miguu inavimba. Mafuta ya mgando ya midomo pia, kwa sababu hita za ndani zinakausha ngozi ajabu. Ukileta mafuta ya nazi yatakuwa yameganda kama samli, hayajaharibika, yapashe tu viganjani. Na simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inaimaliza betri ikiwa bado inaonyesha nusu.

Matangazo mafupi: kuanzia wiki hii video zinatoka Jumapili jioni saa za Afrika Mashariki, si Jumamosi tena, zamu zangu za kazi zimebadilika. Gongeni kengele msipitwe. Na mliouliza namba za viatu, andikeni kwenye komenti urefu wa mguu kwa sentimita, mkanyage karatasi mpige mstari kisigino na kidole kirefu, mimi nitawajibu mmoja mmoja.

Video ijayo nataka nizijaribu soli hizi juu ya ziwa, pale Bde Maka Ska. Kwenye barafu chumvi haitanisaidia, itakuwa ni mimi na soli. Wenyeji wanasubiri barafu ifike unene wa sentimita 10 ndipo wanatembea juu yake, na mimi nitasubiri. Jana haikuwa imefika.