Gereji ya dizeli Ilala: waliona povu, wakahukumu pampu

Nyota mbili kati ya tano. Hasira zilinituma niweke sifuri, ila kwenye uwanja huohuo kuna kijana wa umeme anayejua kazi, na si haki nimchome pamoja na bosi wake. Nitamfikia. Jina la gereji naliacha. Iko Ilala, Dar es Salaam, ina bango kubwa la dizeli, na wenye Land Cruiser mkonga wengi huelekezana huko.

Gari ni mkonga wa zamani, injini ya dizeli ya 1HZ, na pampu yake ya kusukuma dizeli kwenye injini ni ya kimakanika isiyo na kompyuta yoyote. Ugonjwa wenyewe ni huu: asubuhi stata inazungusha vizuri, kwa kasi yake, lakini injini haishiki. Unapiga, unaipumzisha, unapiga tena, mwishowe inashika kwa kusitasita, inatetemeka kidogo, kisha inatulia. Baada ya hapo siku nzima ukigusa tu ufunguo imewaka, hata ikiwa imechemka kwenye foleni ya Buguruni. Tangi likibaki robo, asubuhi inakuwa mbaya zaidi. Likijaa, afadhali. Ukiliegesha pua ikiangalia mlimani, kama ilivyo kwa wengi wetu wa Kimara, ndiyo balaa kabisa.

Fundi wa dizeli akisikia maelezo hayo matatu hahitaji hata kufungua boneti ili ajue pa kuanzia. Gari likilala, dizeli inarudi tangini, maana yake kuna mahali panapoingiza hewa. Kwisha. Sasa sikiliza nilichojibiwa na fundi mkuu, huku akiangalia juu ya bega langu kana kwamba kuna mtu nyuma: "Mama, mwambie mzee anipigie. Hii pampu imekufa, haya mambo ya pampu tutaongea naye."

Mzee yupi? Kadi ya gari ina jina langu. Dizeli naiweka mimi, filta nafunga mimi. Nikamuuliza taratibu, pampu ameijuaje kama imekufa? Hakunijibu, akamwita kijana alete spana.

Walichofanya kwanza kilinipandisha presha mpaka leo. Walilowesha kitambaa kwa petroli, wakakiweka kwenye mdomo wa kisafisha hewa, wakapiga stata. Injini ikashika kwa kishindo, ikagonga kama nyundo, ikazima. Jamani, injini ya dizeli yenye hita plagi (zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) hailishwi petroli wala dawa ya kupuliza. Hita zikiwa za moto, mvuke ule unalipuka kabla pistoni haijafika juu, na hapo unavunja ringi au unapasua pistoni yenyewe. Ila hebu tuseme tayari wameshafanya ujinga huo. Ujinga wenyewe ulikuwa umewapa jibu! Injini imeshika mara moja ilipopata kitu cha kuchoma, kwa hiyo kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ipo na kasi ya stata inatosha. Kinachokosekana ni dizeli. Hawakulisoma jibu hilo.

Pia hakuna aliyekwenda nyuma kuangalia bomba la moshi, na hicho ni kipimo cha bure. Stata ikizunguka na moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui, na hapo ndipo uanze kufikiria hita plagi, taimingi (wakati dizeli inaponyunyizwa) au kompresheni. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Kwangu hakukuwa na moshi hata kidogo. Mmoja wao akapendekeza tununue hita plagi zote 6. Kwa hali ya hewa ya Dar, ambako hata Julai alfajiri joto huwa karibu nyuzi 20, hita moja au mbili zikifa gari litawaka kwa kutetemeka na kufuka moshi mweupe. Haligomi kimya namna ile. Na hita zinapimwa kabla ya kwenda maduka ya spea ya Gerezani kununua mpya: ondoa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, weka mita kwenye omu, pima moja moja. Nzima inasoma omu 1 hivi au pungufu. Iliyokatika haisomi kitu.

Halafu ikaja hukumu. Alilegeza nati mbili za paipu kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda (spana 17), akaamuru stata ipigwe. Dizeli ikatoka kidogokidogo, na povu jeupe. Akanigeukia, safari hii akanitazama: "Umeona? Pampu haina presha. Ni kushusha, kupeleka kwenye mashine, shilingi 950,000."

Nimeona ndiyo. Nimeona povu. Povu ni hewa! Pampu haitengenezi hewa, pampu inasukuma kile ilichopewa. Hewa inabanwa, dizeli haibanwi, kwa hiyo paipu yenye hewa haiwezi kujenga presha ya kufungua nozeli hata ungefunga pampu mpya kutoka kwenye boksi. Ushahidi wa kuiachia pampu huru ulikuwa unamdondokea kwenye viatu, yeye akauita ushahidi wa kuifunga.

Pampu ya aina hii ikichoka kweli hujionyesha kinyume kabisa na gari langu. Inawasha vizuri asubuhi, halafu inagoma ikiwa ya moto. Sababu ni kwamba dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, na kwenye kichwa cha pampu kilicholika inapenya pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Kipimo chake ni rahisi: gari limegoma likiwa la moto, injini imezimwa, funika kichwa cha pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, subiri dakika kadhaa, piga stata. Likiwaka, hapo pampu inakupungia mkono wa kwaheri. (Usimwagie maji baridi pampu inayozunguka, utaikwamisha.) Kinachoua pampu hizi ni maji na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, kwa sababu dizeli yenyewe ndiyo kilainishi chake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yasiyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo huo. Kwa hiyo sisemi pampu hazifi. Zinakufa. Yangu haikuwa imekufa.

Nililiondoa gari na kumaliza kazi nyumbani, na naandika hatua zote hapa ili mwenzangu asilipe laki tisa na nusu kwa sababu ya povu.

Kwanza solenoidi ya kukata dizeli (vali ndogo ya umeme), ile yenye waya mmoja nyuma ya pampu. Washa swichi bila kupiga stata, usikie inalia tik. Isipolia, pima kama waya unafikisha umeme wa betri kabla hujailaumu. Ilikuwa nzima.

Pili, weka kipande cha mpira wa plastiki angavu kati ya filta na pampu, ubane kwa klipu. Asubuhi kilikuwa kitupu nusu, na stata ilipozunguka vikaja viputo mfululizo. Mpira huo ni wa kupimia tu, usiuache, dizeli inaukausha na unapasuka.

Tatu ndiyo kipimo ninachokipenda kuliko vyote, cha dumu. Chukua dumu la lita 5 lenye dizeli safi iliyochujwa, liweke juu kuliko pampu, uvute mpira mmoja hadi kwenye mdomo wa kuingilia wa filta, na mpira wa marejeo, ule unaorudisha dizeli iliyozidi, uurudishe humohumo dumuni. Hapo umelikata tangi na mabomba yote ya chini. Acha usiku kucha. Asubuhi likiwaka kwa mguso mmoja, pampu umeshaitoa mahakamani.

Dumu lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Injini hii haina pampu ya kusukuma dizeli kutoka tangini, pampu kuu inavuta yenyewe. Ndiyo maana tundu la upande wa kuvuta halidondoshi tone: linanyonya hewa ndani badala ya kuvuja nje, na fundi anayetafuta umande wa dizeli kwa macho hataona kitu. Ukiliweka dumu juu, dizeli inashuka kwa uzito wake, na tundu lile lile sasa linavuja nje. Kwangu ilichuruzika chini ya pampu ya mkono, ile kofia ya kubonyeza juu ya filta. Raba ya ndani ilikuwa imepasuka ukingoni. Unaibonyeza, inakuwa ngumu kidogo, halafu inalegea yenyewe. Pampu ya mkono nzima ukiibonyeza hadi igome inabaki imegoma. Mtu yeyote angeibonyeza mara tano tu pale Ilala angejua.

Gharama yote, kichwa cha filta chenye pampu yake ya mkono, filta, mipira miwili mifupi na klipu, haikufika 150,000. Usinunue raba ya feki, inakauka ndani ya miezi na unarudi palepale. Mipira nenda nayo dukani kama sampuli, na useme wazi unataka ya dizeli, kwa sababu ya maji inavimba na kulainika. Klipu za bisibisi zisikazwe mpaka zikate mpira.

Kutoa hewa: bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kweli, legeza nati mbili za nozeli, piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika nzima, rudia mpaka itoke dizeli tupu bila povu, kaza. Mkono uwe mbali, presha ya nozeli inatoboa ngozi. Fungua pia koki ya chini ya filta umwage maji, hasa masika.

Hapa ndipo nyota ya pili ilipoponyoka. Nilipofungua bolti ya kuingizia dizeli kwenye pampu nilikuta wameshaifungua wao, wakairudisha na washa zilezile za shaba (vile vipete vya kuzibia), moja imepinda. Yaani gari liliingia pale na tundu moja la hewa likatoka na mawili. Washa ya shaba ikishabanwa inakuwa ngumu, haizibi tena. Huna mpya? Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, inalainika, ifunge. Kazi ya dakika mbili, hata jiko la mkaa linatosha.

Kwa hiyo moja. Nyota moja, na hiyo nayo ni ya kijana wa umeme.

Huyo alinitengenezea stata siku za nyuma, ilipokuwa inalia tik bila kuzungusha. Alinisalimu, kisha akauliza swali ambalo bosi wake halijui: "Mama, inagoma ikiwa ya baridi au ya moto?" Akatoa mita kabla ya spana. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6. Stata ikipigwa haikushuka chini ya 10, akasema betri tuiache. Akapima kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini wakati ufunguo umeshikiliwa, akitafuta upotevu kwenye waya wa ethi. Ukizidi nusu volti, waya huo unasafishwa au unabadilishwa kabla ya kitu kingine. Ulikuwa mzima. Ndipo akafungua solenoidi ya stata na kunionyesha zile shaba mbili za ndani, moja imelika hadi imebaki ukucha. Akabadilisha zote mbili, maana ukibadilisha moja sahani haigusi sawasawa, inachoma mpya haraka. Akaisugua na sahani yenyewe. Hajawahi kuniuliza mzee yuko wapi.

Kwa hiyo ukiwa na stata inayolia tik, nenda, hata sasa nakwambia nenda, muulizie kijana wa umeme wa upande wa ukutani. Labda hiyo ni nyota mbili na nusu, sijui, kwa kazi ya umeme ningempa nne. Lakini likiwa suala la dizeli, usiwaachie washike hata nati. Na ukiwaachia, simama hapo, na washa za shaba nenda nazo mfukoni.

Jambo la mwisho ni ile 60,000 waliyonitoza, risiti imeandikwa "kupima pampu". Pampu hupimwa ikiwa imeshushwa na kufungwa kwenye mashine, inazungushwa, na dizeli ya kila mdomo inapimwa kwenye vibomba vya vipimo. Pale mashine hiyo haipo, walikuwa waipeleke kwa mtu mwingine. Hawakushusha kitu. Nilipopiga simu kudai hela yangu, akapokea yeye mwenyewe, akasema atazungumza na mzee. Sawa. Risiti ina jina langu, na hela hiyo naitaka.