Sabuni ya Dawa kwa Upele: Ipi Ununue, Ipi Uiache, na Nini Kitangulie

Mtu akianza kuwashwa usiku, mara nyingi kitu cha kwanza anachonunua ni sabuni. Inaeleweka. Sabuni haihitaji cheti cha daktari, haimtii mtu aibu akiichukua mbele ya wateja wengine, na neno "dawa" lililochapwa kwenye karatasi yake linatia moyo. Shida ni kwamba mdudu wa upele hakai juu ya ngozi akisubiri kuoshwa. Ni utitiri mdogo ambaye jike lake halifiki hata nusu milimita. Huyo jike huchimba kijifereji ndani ya tabaka la juu la ngozi, anaishi humo mwezi mmoja hadi miwili, na kila siku anataga mayai mawili au matatu. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na katika muda wa wiki mbili hivi kizazi kipya nacho kimekomaa.

Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa kigezo kimoja kikubwa: dawa inabaki kwenye ngozi kwa muda gani? Krimu inalala nawe usiku kucha. Sabuni unaisuuza baada ya dakika chache, nayo dawa iliyomo inakwenda na maji. Kwa kigezo hicho, sabuni haiwezi kushika nafasi ya juu, hata ile nzuri.

Kabla ya kutoa pesa, angalia kama kweli ni upele. Muwasho unaozidi usiku, vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, matakoni, kuzunguka chuchu na kwenye uume, pamoja na mtu mwingine wa nyumbani anayejikuna vilevile, hizo ni dalili zenye uzito. Kwa watoto wachanga vipele hutokea pia viganjani, kwenye nyayo na kichwani. Kama ni wewe peke yako unayewashwa, na ni sehemu moja tu ya mwili, huenda ni fangasi au mzio, na dawa zote zilizo hapa chini zitakuwa hasara.

Nafasi ya kwanza: krimu ya permethrini ya asilimia 5

Hii ndiyo ya kuanza nayo kwa watu wengi: watu wazima, wajawazito, na watoto kuanzia miezi 2. Inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, inaachwa saa 8 hadi 14, kisha mtu anaoga. Kwa watoto wadogo na wazee, kichwa na uso pia hupakwa, ila macho na mdomo huepukwa. Baada ya siku 7 hadi 14 zoezi zima linarudiwa, kwa sababu yai lililopona mara ya kwanza litakuwa limeshatoa mdudu mpya.

Soma asilimia kwenye kasha kabla hujalipa. Permethrini ya asilimia 1 ipo, na huuzwa kwa ajili ya chawa wa kichwani. Jina ni lilelile, pengine hata rangi ya kasha inafanana, lakini kwa upele haitoshi. Hili ni kosa la dukani linalotokea kirahisi, na muuzaji aliyechoka hatakukumbusha.

Kasoro yake? Bei, hasa nyumba ikiwa na watu wengi. Pia miaka ya karibuni madaktari wa Ulaya wameripoti wagonjwa ambao haikuwaponya. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu dawa, jiulize kwanza kama mlipaka nyumba nzima usiku mmoja, na kama mliingiza krimu chini ya kucha, kitovuni na katikati ya vidole vya miguu. Mara nyingi kosa lipo hapo. Mkinawa mikono usiku ule, ipakeni tena mikononi.

Nafasi ya pili: vidonge vya aivamektini

Kwa nyumba kubwa, bweni, au mtu asiyeweza kujipaka mwili mzima, vidonge hurahisisha kazi. Shirika la Afya Duniani liliingiza aivamektini kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya upele mwaka 2019. Dozi hupimwa kwa uzito: mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 12. Dozi ya pili hufuata baada ya siku 7 hadi 14. Haiui mayai, kwa hiyo anayemeza mara moja tu na kuridhika anajipa likizo fupi.

Sijaiweka ya kwanza kwa sababu ina masharti. Haitolewi kwa wajawazito wala kwa watoto walio chini ya kilo 15, na aliyewahi kuishi maeneo yenye minyoo ya loa loa anaweza kupata madhara makubwa kwenye ubongo. Hii ni dawa ya kuuliza kwanza. Na ile ya mifugo, ya sindano au ya kumimina mgongoni mwa ng'ombe, iache kwa ng'ombe. Nguvu yake ilipimwa kwa ajili ya mwili mwingine kabisa.

Nafasi ya tatu: benzili benzoeti, au BBE

Dawa hii nyeupe ya maji ni ya zamani, aghalabu ni nafuu, na ikitumika sawasawa inaponya. Watu wazima hutumia ya asilimia 25. Kwa watoto huchanganywa na maji kiasi sawa ili ishuke hadi asilimia 12.5, na kwa wachanga hupunguzwa zaidi kwa maelekezo ya mtaalamu. Hukaa mwilini saa 24, kisha hurudiwa kwa ratiba utakayopewa.

Inaunguza. Aliyejikuna hadi kuchubuka ataisikia, na mtoto akiipata machoni nyumba nzima itaisikia. Usiipake kwenye vidonda vibichi, wala mara tu baada ya kuoga maji ya moto. Acha ngozi ikauke na kupoa kwanza. Kama mfuko hauruhusu permethrini kwa watu wote, ningenunua BBE ya kuwatosha wote kuliko krimu ghali ya mtu mmoja.

Nafasi ya nne: marhamu ya salfa

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Hutengenezwa kwa nguvu ya asilimia 5 hadi 10 na hupakwa usiku kadhaa mfululizo, mara nyingi tatu. Inanuka, inachafua shuka, na inachosha. Lakini ni salama, na dawa salama kwa mtoto wa wiki tatu haina washindani wengi.

Krotamitoni ya asilimia 10 ningeiweka nyuma yake. Inapunguza muwasho, lakini kwa kuua wadudu ni dhaifu kuliko hizo zilizotangulia.

Sasa sabuni

Tuseme umeshapata moja ya dawa hizo. Sabuni ya nini? Ni ya kuosha magamba, jasho na uchafu kabla ya kupaka dawa, na kuosha dawa muda wake ukiisha. Kwa kazi hiyo, sabuni ya kawaida isiyo na manukato mengi ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Najua si jibu ambalo mtu alikuja kulitafuta.

Ukitaka kweli sabuni ya dawa, ya salfa ndiyo ya kuchukua. Inasaidia kidogo kwa vipele na mafuta ya ngozi, ila inakausha, kwa hiyo siku chache kwa wiki zinatosha. Sabuni ya mwarobaini haina ubaya ngozi ikiipenda, mradi usiihesabu kuwa tiba. Sabuni za kuua bakteria hazimgusi utitiri, maana utitiri si bakteria. Zinaweza kukusaidia kuweka safi sehemu ulizojikuna. Zenye permethrini zinavutia kwa jina, lakini kumbuka kigezo chetu: dakika tano za povu si sawa na usiku mzima wa krimu. Zipo pia sabuni zilizotengenezwa kwa monosulfiramu. Ukikutana nayo, usinywe pombe siku unazoitumia, kwani mchanganyiko huo unaweza kukuletea uso kuwaka, kichefuchefu na moyo kwenda mbio.

Kuna aina moja ya kuiacha hapohapo rafuni: sabuni inayojitangaza kuwa inaua vijidudu na wakati huohuo inang'arisha ngozi. Baadhi ya hizo zina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto tumboni. Tafuta maneno kama zebaki, alama ya Hg au kalomeli kwenye orodha ya viambato, au onyo kwamba isigusane na dhahabu na vito. Isiyoandika viambato vyake kabisa, ihesabu kundi hilohilo.

Kosa la sabuni lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuisugua mara nne kwa siku kwa brashi na maji ya moto. Ngozi inakauka, inawasha zaidi, mwenye nayo anaamini wadudu wameongezeka, anasugua tena. Wadudu wenyewe ni wachache: mgonjwa wa upele wa kawaida huwa nao kama 10 hadi 15 tu mwili mzima. Muwasho mwingi ni mwili unaowakataa wao, mayai yao na kinyesi chao, na huo hauishi kwa kusugua.

Vya kutonunua

Losheni ya lindane inaweza kuleta degedege, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Dawa za kunyunyizia mashambani au kuogeshea mbwa si za ngozi ya mtu. Krimu za steroidi zikitumika peke yake hupoza muwasho huku wadudu wakiendelea kuzaana, na baadaye hata daktari hupata shida kuutambua upele wenyewe.

Ununue kiasi gani

Hapa ndipo bajeti huharibika. Mtu mzima wa wastani anahitaji kama gramu 30 za krimu ya permethrini kwa mpako mmoja, na mwenye mwili mkubwa anaweza kufika gramu 60. Zidisha kwa mara mbili, kisha zidisha kwa watu wote mnaoishi pamoja, hata wasiowashwa. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhisi chochote, na muda wote huo anaweza kuwaambukiza wengine. Kumtibu mmoja leo na mwingine wiki ijayo ni kuwazungusha wadudu ndani ya nyumba.

Nguo, shuka na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani au kwenye mashine yenye joto. Nyuzijoto 50 kwa dakika 10 zinamuua mdudu na mayai yake. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa angalau siku 3, maana akiwa nje ya mwili wa mtu hadumu zaidi ya hapo. Hakuna haja ya kununua dawa ya kupuliza nyumba, wala ya kumpaka paka.

Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa. Mafuta ya kulainisha ngozi na vidonge vya mzio vinasaidia. Usirudie permethrini kila usiku kwa hofu, kwani inaweza yenyewe kuichoma ngozi.

Ukiona usaha, homa, au uso unavimba na mkojo unageuka rangi ya chai, nenda hospitali bila kupitia duka la dawa: bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo wanaweza kufika hadi kudhuru figo. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye magamba mazito viganjani, hasa mzee au mwenye kinga iliyoshuka. Huo ni upele wa magamba, wenye wadudu maelfu hadi mamilioni, na hutibiwa kwa krimu na vidonge kwa pamoja, dozi kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari.