TAHADHARI: Wanaojiita wapima unyevu wanazunguka Arusha, msiwape hata mia

Wadau, poleni na majukumu. Nawaandikia hasa mlioko Olasiti, Kwa Mrombo, Sakina na huko Njiro, maana hawa jamaa wanafuata mvua.

Kuna vijana wawili wanapita nyumba kwa nyumba tangu masika ilipoanza kuachia. Wamevaa vizibao vya rifleta, na wana kijimashine cha njano chenye sindano mbili kwa mbele. Wakiona ukuta una doa au rangi imebanduka usawa wa sakafu, wanagonga geti. Mama yangu mdogo kaliwa 850,000 hapo Olasiti, na si peke yake, maana jirani wa nyuma naye ana matundu yaleyale ukutani.

Wakifika hawaanzi na pesa. Wana adabu mpaka unawapenda, shikamoo ya kutosha, viatu wanavua mlangoni. Mmoja anagusisha mashine ukutani, inalia piii. Anasogea pembeni, piii. Nyuma ya kabati, piii. "Mama, huu ukuta umeoza ndani kwa ndani, usipowahi utakuangukia." Mtu mzima, yuko peke yake nyumbani, unategemea aseme nini? Nusu ikatumwa kwa simu palepale, na jina lililotokea kwenye ujumbe si la yeyote kati ya wale wawili. Nusu nyingine ikaenda jioni, kazi ilipoisha.

Kazi yenyewe: wakatoboa matundu usawa wa kifua, wakadunga maji meupe kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, eti dawa ya Ujerumani. Wakaziba kwa puti, juu wakapiga rangi ya silki. Ukuta ukang'aa. Baridi ya Juni ilipoingia, rangi ikavimba kama andazi. Nilitoboa uvimbe mmoja kwa ncha ya ufunguo, maji yakachuruzika mpaka kwenye skatingi, na puti ya chini yake ilikuwa bado inabonyea kwa kidole. Namba zao? Moja haipatikani, nyingine anapokea mtu anasema umekosea.

Sasa tuongelee ile mashine, maana ndiyo inayomaliza watu. Kipimo cha unyevu ni kitu halali kabisa. Kinapitisha umeme mdogo sana kati ya zile sindano, na penye maji umeme unapita kirahisi. Shida ni kwamba hata chumvi ya kwenye plasta inakiliza, hata waya au nondo iliyo karibu. Na vingi vya bei rahisi vimetengenezwa kupimia mbao, kwa hiyo namba zake kwenye plasta usizichukue kama zilivyo. Fundi mkweli anapima kwanza ukuta anaojua ni mkavu, ndipo analinganisha. Akija mtu na kipimo, mwambie akigusishe kwenye kiganja chako. Kitalia. Muulize basi na wewe umeoza?

Dawa ya kudunga nayo ipo kweli, ila ni ya unyevu unaopanda kutoka ardhini, na matundu yake yanapangwa mstari mmoja kule chini karibu na usawa wa sakafu. Anayekutobolea usawa wa kifua anakuchezea.

Tatizo la mama mdogo halikuwa hata mvua. Doa lilikuwa kwenye ukuta unaopakana na bafu, na mvua zilipokata likaendelea kukua. Hapo cha kushuku kwanza ni bomba. Fundi bomba tuliyemwita hakuleta mashine yoyote. Alifunga koki inayoingiza maji kwenye simtanki, akapima kina kwa fimbo, akasema usiku huo mtu asiguse bomba wala choo. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. (Mkikagua mita tu mnaweza kudanganyika, kwa sababu nyumba inayotumia tenki, mita inaweza isionyeshe palepale kinachovuja baada ya tenki.) Akafungua vigae viwili nyuma ya shawa, na hapo kulikuwa na elbo (kiungo cha kona) ya bomba la plastiki la PPR iliyochomwa vibaya wakati wa kuunganishwa, inatoa tone baada ya tone. Gharama yote, vigae vikiwemo, haikufika robo ya walichokula wale.

Ukuta tumeukwangua mpaka kwenye tofali, na hatupaki kitu mpaka ukauke. Plasta iliyolowa inataka wiki kadhaa, na kwa ubaridi wetu huu inaweza kwenda miezi. Mtu anayekuahidi kutibu na kupaka rangi siku hiyohiyo, mfungulie geti atoke.

Kama doa lako liko juu kwenye jipsam, la rangi ya chai na lina duara, panda darini mvua ikinyesha, uangalie veli (pale paa mbili zinapokutana kama bonde), kofia za bati na misumari. Likiwa karibu na soketi au taa, zima umeme kwenye meni swichi kwanza. Ukiona chini ya ukuta kuna unga mweupe wa chumvi, hapo ndipo uwaze maji ya ardhini, na uanze kwa kuangalia kama udongo au mfereji nje haujapanda juu ya msingi.

Sisi tumeripoti polisi, na mwenyekiti wa mtaa ana taarifa. Kama nawe wamepita kwako, usifute ujumbe wa muamala, na lile dumu kama walikuachia usilitupe. Nenda navyo kituoni ukaandikishe maelezo, kwa sababu malalamiko yakiwa mengi juu ya namba ileile, hawatasema tena ni kazi tu ilikosewa. Mara ya mwisho nimesikia wameonekana maeneo ya Moshono.