Nilitafuta "cowrie" Etymonline, nikakutana na kauri yetu

Mimi ni mfasiri. Majuzi nilipewa kazi ya kufasiri maelezo ya mikufu ya simbi, yale magamba madogo ya konokono wa baharini, na mteja akataka na historia fupi ya jina la Kiingereza, "cowrie". Programu niliyokuwa nimeilipia ilinipa maneno mawili tu: "asili Kihindi". Iliniuma, maana hela ilishatoka. Nikaenda Etymonline, kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper. Kuisoma ni bure.

Hapo nikapewa safari nzima: Kiingereza kililipokea neno miaka ya 1660 kutoka Kihindi na Kiurdu kauri, nyuma yake Kimarathi kavadi, na mbali kabisa Kisanskriti kaparda. Nilipofika kwenye kauri nikaacha kusoma. Si neno letu hili? Konokono yuleyule wa baharini, ambaye gamba lake huko India lilikuwa fedha.

Sasa, nyumbani tuna sahani za kauri, zinatoka kabatini sikukuu tu, na maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza kwa nini sahani iitwe jina la konokono. Nikatafuta "porcelain", jina la Kiingereza la kauri ya sahani. Neno linatoka Kiitaliano porcellana, ambalo kwanza lilikuwa jina la gamba la kauri, nalo limetokana na neno la nguruwe jike mchanga. Vyombo vya Kichina vilipowafikia, Waitaliano waliona vinang'aa kama gamba lile, wakavipa jina lake. Jina moja kwa gamba na kwa sahani, kama sisi! Nilitoa kete moja, yaani gamba la kauri, kwenye kopo la vifungo la bibi, nikaiweka juu ya sahani karibu na dirisha. Weupe uleule wa maziwa, mwanga unateleza vilevile. Tofauti ni ule mpasuko wa chini wenye vijino.

Ninaipendekeza Etymonline kwa moyo wote, hasa kwa wafasiri na walimu. Bonyeza viungo vilivyomo ndani ya maelezo, ndiko kwenye utamu. Ila ni kamusi ya Kiingereza: habari kama ya Kiganda ensimbi, yaani pesa, neno lililotokana na makombe hayahaya, itafute kwingine.

Mteja nimemwandikia aya mbili badala ya mstari mmoja, na sahani moja nimeibakiza mezani.