Nyota mbili, na moja ni ya kuvua viatu

Nampa fundi huyu wa mfumo wa kupasha nyumba joto nyota mbili, na moja ni kwa sababu alivua viatu mlangoni.

Redieta ya chumbani, lile bapa la chuma ukutani linalopitisha maji ya moto, ilikuwa inakoroma usiku kucha, juu baridi, chini moto. Hilo hata mimi nalijua: hewa imejaa juu. (Ingekuwa moto juu na baridi chini, ningesema tope la kutu.) Kilichoninyima usingizi hasa ni presha ya maji kwenye mfumo. Asubuhi mshale wa kipimo umelala karibu na sifuri, boila, mtambo unaopasha hayo maji, imegoma. Nikiongeza maji mpaka bar 1.5 (bar ndiyo kipimo cha presha) inawaka, lakini ikishapata moto mshale unapanda mbio hadi 3, valvu ya usalama inafunguka, maji yanamwagika nje. Kesho yake tunaanza upya.

Nikamweleza hivyo hivyo. Hata hakunigeukia. Akachomeka kiufunguo chake kwenye redieta, fssss, yakadondoka matone meusi kama wino, akafunga, akaongeza maji. "Tayari." Siku chache baadaye nikamwita tena, akafanya yale yale. Mara ya tatu nikamuuliza, lile tangi jekundu lenye upepo, maji yakipata moto yanakotanukia, mbona huligusi? Akacheka. "Mama, haya mambo waachie wenyewe."

Wenyewe! Fundi wa pili, kijana mpole, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Lina valvu ndogo kama ya tairi. Akabonyeza kipini chake kwa kucha: kimya, hata pumzi. Yangetoka maji, akaniambia, ningejua mpira wa ndani umepasuka. Sasa umeishiwa upepo tu, ndiyo maana maji yakipata moto hayana pa kutanukia. Akapunguza presha ya mfumo mpaka sifuri, akajaza tangi hadi 1 kwa pampu ya baiskeli. Ya baiskeli, jamani! Kisha akarudisha maji. Tangu hapo mshale unacheza kati ya 1.3 na 1.8, na redieta imenyamaza.

Nisimwonee yule wa kwanza. Alifika kwa wakati, hakunikamua, na ile siku ya kwanza labda fundi yeyote angeanza na kutoa hewa. Na mimi pia sina usafi, wiki nzima nilikuwa naongeza maji kila asubuhi. Lakini mimi si fundi! Maji mapya huja na oksijeni, oksijeni inakula chuma, na kutu nayo inazaa gesi inayokwenda kukaa juu ya redieta. Kwa hiyo aliyekuwa anakuja kutoa hewa, kila akiondoka anaacha mbegu ya nyingine, na mimi nalipa.

Nyota moja. Ile ya viatu naichukua, maana nimetoka kuona zulia: matone meusi aliyakanyaga kwa soksi akayatembeza mpaka sebuleni.